Mnofu wa Paja kwa Dada Fatuma

Dodoma, 12 Januari 2025

Mjomba Ismaili, shikamoo.

Nimefika salama, ingawa si haraka. Basi liliharibika tukakaa saa tano kando ya barabara, na hapo ndipo korosho zako zilipoishia. Wenzangu wa ofisini hawakupata hata moja na wameninunia mpaka leo. Msalimie mkeo, Mama Amiri, mwambie ming'oko aliyonifungia, ile mizizi ya porini, nimeichemsha yote, nikala na chumvi peke yangu nikiwa nimefunga mlango. Je, paa la jiko limezibwa kabla mvua haijakolea?

Utashangaa kuletewa barua na Mwalimu Gideoni katika zama hizi za simu. Mjomba, simu yako tunaijua. Sikio halisikii, kwa hiyo unaweka sauti ya nje, na ukiwa buchani Mahurunga nzima inajua nimekula nini mchana. Ninalotaka kusema, Mama hatakiwi kulisikia, na nyumba yake iko hatua ishirini tu kutoka kwenye gogo lako la kukatia nyama. Ndiyo maana barua hii imekuja kwa basi hadi Mtwara mjini, na Mwalimu ameichukua huko. Jibu lako mpe yeye.

Mama alipoanguka Desemba tulisema ni jua. Halikuwa jua. Daktari aliniita pembeni akaniambia ni kiharusi, kidogo, lakini ni kiharusi. Presha iko juu, mafuta kwenye damu yamezidi, na cha pili hakitakuwa kidogo. Sikumwambia Mama. Yeye ndiye aliyemuuguza marehemu Baba kwa ugonjwa huohuo. Akisikia tu jina lake, atajilaza kitandani na kusubiri siku. Nakuomba na wewe usimwambie. Niapie.

Dawa anameza. Shida iko chunguni. Kila Ijumaa unampelekea kidari chenye mafuta unene wa kidole, na kipande cha nundu juu yake, naye anakila chote kwa kuwa kimetoka kwa kaka yake. Mjomba, mimi ni afisa lishe, hii ndiyo kazi inayonipa ugali. Nyama ya ng'ombe si sumu. Ila mkatie mnofu: paja la nyuma, au sarara, au muundi. Kidari, mbavu na nundu achana navyo. Mafuta unayoyaona kwa macho yatoe kabla hujafunga, maana yakifika kwake hayatupwi. Kipande kisizidi ukubwa wa kiganja bila vidole, na iwe mara mbili kwa wiki. Siku zilizobaki kunde zipo, mbaazi zipo, na samaki wapo.

Na wewe je, umepima presha? Nilipokuwa huko ulisema utakwenda zahanati kesho. Ni kesho ipi hiyo?

Mpwa wako mwenye maneno mengi,
Riziki

*

Mahurunga, 2 Februari 2025

Mpwa wangu Riziki, marahaba, na Mungu akuzidishie.

Barua imefika ikiwa imekunjwa mara nne na inanuka chaki. Paa limezibwa. Mama Amiri ana mafua lakini mdomo wake ni mzima. Mihogo ya bondeni viboko wameimaliza, wametoka mtoni wakala mistari yote wakarudi zao, na kiboko humpeleki kwa mwenyekiti wa kijiji. Ng'ombe wanapatikana kwa tabu, njia ni tope tupu. Wiki iliyopita nilichinja dume limekonda hata mteja mmoja akaniuliza kama ni mbuzi mrefu.

Mama yako hajambo. Anafika kisimani na fimbo yake. Mkono wa kulia bado mzito, ila hataki kusaidiwa, unamjua.

Kuhusu nyama, nimekuelewa.

Lakini kwa kuwa umenifundisha kukata ng'ombe, na mimi nikufundishe kidogo. Kisu nimekishika miaka thelathini na moja. Buchani kwangu hakuna kuchagua. Anayetaka kilo anapata kilo: mnofu, mfupa, na mafuta yake. Mwenyekiti anapata mfupa na mjane anapata mnofu, wote kutoka kwa ng'ombe yuleyule. Ndiyo maana hapa hawajawahi kunigombeza. Nikianza kumtolea mtu mmoja paja tupu, mfupa wake nitampa nani?

Hilo moja. La pili ni zito. Katika ukoo wetu kaka akichinja, dada hupelekewa kilichonona. Mnofu mtupu hupelekewa mtu uliyegombana naye, apate kujua. Babu yetu Mchopa alipogombana na dada yake kwa ajili ya mikorosho ya Nanyamba hakutukana wala hakwenda barazani. Alimpelekea paja lisilo na chembe ya mafuta. Hawakusalimiana tena mpaka mmoja alipozikwa. Mama yako aliyaona hayo kwa macho yake. Leo unataka mimi nimpelekee yeye nyama ile?

Kuapa nimeapa, sitamwambia. Presha yangu niachie mwenyewe.

Mjomba wako,
Ismaili Chilumba

*

Dodoma, 16 Februari 2025

Mjomba, shikamoo tena, na pole kwa viboko. Mimi ni mzima. Dodoma jua ni kali na maji yanakuja kwa zamu, lakini tunakwenda. Mama Amiri anywe tangawizi.

Hiyo "nimekuelewa" yako naijua. Ndiyo uliyomwambia Mama Amiri kuhusu choo, na choo kikajengwa baada ya miaka saba.

Haki ya buchani kwako naiheshimu, sitanii. Lakini kwa kila ng'ombe una fungu lako la mchinjaji, na hilo hakuna anayekuuliza. Tangu nipate akili nakuona ukijiwekea yanayobaki kwenye gogo, vipande vya mafuta na mabaki ya mbavu. Safari hii jiwekee paja, kisha umpe dada yako. Nani atakuwa amenyimwa?

Mwambie achemshe asikaange. Supu ikipoa mafuta yataganda juu, ayaengue ayatupe, kisha apashe. Chumvi apunguze. Nazi kwenye kisamvu iwe tui moja jepesi.

Na mila ya Babu Mchopa, Mjomba, ni ya wakati ambao hakuna aliyejua mafuta yanafanya nini kwenye mishipa ya mtu. Mama si mtoto. Atashangaa Ijumaa moja, ya pili atazoea.

Hapa hospitali ninakofanya kazi, wodini, kuna mama mmoja aliyepigwa na kiharusi, umri wake ni wa Mama. Binti yake anamlisha uji kwa kijiko, na nusu unamwagikia shingoni. Mama yule alikuwa mwalimu wa hesabu. Jana nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza nimefiwa na nani. Sijafiwa. Naogopa. Ukiona barua zangu ni kali, jua ni woga huo. Sitaki kumlisha mama yangu kwa kijiko, na sitakaa kimya mpaka nisikie umemkatia mnofu.

Hukujibu nilichouliza. Umepima?

Riziki

*

Mahurunga, 27 Februari 2025

Riziki,

Salamu za nyumbani zote ni njema, na Ramadhani inabisha hodi. Mwalimu Gideoni yuko mlangoni ananisubiri na pikipiki inaunguruma, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Umeshinda. Hicho kijiko ulichokiandika kimenikaa kooni. Kesho Ijumaa nachinja, na fungu langu litakuwa paja la nyuma. Nitalisafisha mpaka liwe jekundu tupu. Mama Amiri ameniona nikinoa kile kisu chembamba akaniuliza nimegombana na nani. Nimemwambia anyamaze.

Siipendi kazi hii. Naifanya.

Ismaili

*

Dodoma, 23 Machi 2025

Mjomba wangu mpenzi, shikamoo, na funga njema kwenu nyote.

Nakushukuru. Nilipoisoma barua yako nilipiga kelele ofisini. Najua haikuwa rahisi kwako, na nimewasimulia wenzangu hapa kwamba nina mjomba Mahurunga anayekata nyama vizuri kuliko hoteli zote za mjini.

Ila tangu siku hiyo kimya, zaidi ya wiki tatu sasa. Ni barabara au ni wewe? Mama nimempigia mara tatu. Anasema hajambo, anasema anakula. Nilimuuliza kuhusu nyama akajibu "Nyama ipo," kisha akasema chaji inakwisha. Chaji ya simu yake inakwisha haraka siku hizi. Nikadhani ni uchovu wa mwezi, ingawa yeye daktari alimkataza kufunga.

Niandikie hata mstari mmoja. Na ukienda zahanati, niandikie miwili.

Wako,
Riziki

*

Mahurunga, 19 Aprili 2025

Riziki,

Marahaba. Sisi wazima, ng'ombe wapo, maji ya mto yamepungua. Salamu zimeishia hapo.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa naona aibu. Sasa nina hasira, na hasira inaandika vizuri.

Ijumaa ya kwanza nilimpelekea mama yako paja mwenyewe, kwa mkono wangu. Alilipokea akaligeuza huku na huku, akitafuta mafuta. Akasema, "Ahsante, kaka." Akaingia ndani. Ijumaa ya pili sahani ilirudi imefunikwa, na nyama ndani yake mbichi kama nilivyoipeleka. Ya tatu vilevile. Siku ya Idd hakuja kwangu. Tangu tuwazike wazazi wetu, Idd tunakula sinia moja mimi na yeye. Mwaka huu nilikaa mbele ya sinia peke yangu.

Nyama haigusi sasa, yangu wala ya kuku wake. Anakula ugali wa muhogo na samaki mkavu wa chumvi, ile chumvi uliyosema apunguze. Wiki iliyopita kizunguzungu kilimshika kisimani, akakaa chini mpaka majirani wakamwinua. Mama Amiri alikwenda kumtazama akakuta dawa zake za wiki mbili ziko palepale kwenye pakiti. Alipomuuliza, mama yako alisema hivi, nakuandikia alivyosema: "Dawa za nini kwa mtu asiye na ndugu? Kaka amenifukuza, wala hakufungua mdomo."

Nilikwambia kuhusu Babu Mchopa. Nilikwambia! Ukasema Ijumaa ya pili atazoea. Mimi nilijua atakachoelewa, na nikapeleka, kwa kuwa wewe umesoma na mimi ni mkata nyama. Nikitaka kumweleza, kiapo chako kinanishika ulimi. Nimekuwa nikipita mbele ya mlango wa dada yangu nikitazama chini kana kwamba kweli nimemkosea. Huko kunyamaza ulikoniapisha ndiko kunakomuua, si mafuta.

Sema nifanye nini. Na useme upesi.

Mjomba wako

*

Dodoma, 27 Aprili 2025

Mjomba,

Leo sina habari za huku za kukupa.

Kosa ni langu lote. Niliogopa Mama atakata tamaa akijua, na sasa amekata tamaa kwa kutojua. Wewe ulinionya, mimi nikajifanya mjuaji mbele ya mtu aliyekaa na mama yangu maisha yake yote. Nisamehe.

Kiapo nimekiondoa. Mwambie kila kitu: kiharusi, maneno ya daktari, na kwamba mimi ndiye niliyekufunga mdomo. Usimpunguzie. Nimempigia nimweleze mwenyewe, nikitaja nyama tu anakata simu. Nimeomba ruhusa kazini, nimeambiwa mpaka Juni. Juni ni mbali. Barua hii nimemkabidhi dereva wa basi mkononi, na Mwalimu ataifuata stendi. Ukimaliza kuisoma weka kisu chini, vuka hizo hatua ishirini, na dawa azimeze mbele yako.

Jambo jingine. Sitakuuliza tena kama umepima, maana najua hujapima. Na najua kwa nini. Desemba Mama Amiri aliniambia mkono wako unakufa ganzi ukikata mifupa, na kwamba mara mbili shoka limekutoka. Nilikaa kimya kwa heshima. Sasa heshima ya namna hiyo imenichosha, Mjomba. Sitaki kuwauguza wawili.

Riziki

*

Mahurunga, 10 Mei 2025

Mpwa wangu Riziki, marahaba elfu.

Kaa chini usome taratibu, hakuna aliyekufa.

Barua yako niliipata Alhamisi ya wiki iliyopita. Uliniambia nivuke hatua ishirini. Sikuvuka. Mimi ninayeangusha fahali, nilimwogopa mwanamke mwenye fimbo. Nilikaa na barua mfukoni wiki nzima, nikajiambia nitakwenda kesho, ile kesho yangu unayoijua.

Jana Ijumaa amekuja yeye. Buchani palikuwa na watu kumi na tano wamepanga foleni. Wakampisha, akasimama mbele ya gogo, akaniita, "Ismaili." Riziki, tangu mama yako azaliwe hajawahi kuniita jina langu. Ni kaka, siku zote kaka. Mkono wangu ukasimama juu na shoka ndani yake.

"Ismaili, nimekukosea nini? Sema mbele ya watu hawa, wawe mashahidi."

"Hujanikosea kitu."

"Basi mbona waniletea mnofu mtupu, kama Babu Mchopa na dada yake? Mimi nimechukua mikorosho ya nani?"

Nilitazama foleni, foleni ikanitazama. Nikaona kama nikisema twende ndani tukaongee, atageuka aende zake na sitampata tena. Nikaweka shoka chini. Nikamwambia palepale kwamba kilichomwangusha Desemba ni kiharusi, kikirudi kitamchukua au kitamlaza kama kilivyomlaza mumewe, na kwamba mafuta ya nyama yangu ndiyo yanayokisaidia kurudi. Nikamwambia umeniapisha. Kisha nikasema ambalo sikuwa nimelipanga:

"Mimi ndiye mkubwa, Fatuma. Nimekutangulia kuja miaka mitano, na kuondoka nataka nitangulie mimi. Wewe ndiye wa kunizika. Nimekukatia mnofu ili siku hiyo uwepo."

Nililia, mpwa wangu. Mbele ya wateja.

Uliogopa akijua atajilaza asubiri. Hakujilaza. Alikasirika, akaligonga gogo kwa fimbo. "Miezi mitano! Ugonjwa ni wangu, na mimi ndiye wa mwisho kuujua! Mmenifanya mtoto wa kubebwa mgongoni, wewe na Riziki wako!" Kaa tayari, Riziki. Zamu yako inakuja.

Kisha akaona fungu langu limekaa pembeni kwenye jani. Kwa kuwa paja nilikuwa nampelekea yeye, mimi nilirudia vyangu, mafuta ya kidari na nundu nusu. Akaligusa kwa fimbo.

"Na hili la nani?"

"Langu."

"Kumbe unataka nikuzike mwaka huu huu?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi sikucheka, maana mama yako hakuwa anacheka. Akamwita mwanangu Amiri ashike kisu, akanishika mkono, huu huu unaokufa ganzi, akanipeleka zahanati kwa miguu, mimi na aproni yangu ya damu. Njiani akaniuliza ganzi imeanza lini. Nikamwambia mwaka jana. Akaongeza mwendo.

Ya kwake ilikuwa mia na sitini na tano kwa mia, kwa sababu ya dawa alizoacha. Ya kwangu mia na tisini na mbili kwa mia na kumi. Muuguzi alipima mara mbili, akabadilisha kile kifaa, akapima tena. Kisha akanikataza kutoka mpaka nimeze kidonge mbele yake. Jumatatu nakwenda Mtwara hospitali, na Fatuma anakwenda nami. Haya, nimeandika. Ulitaka mistari miwili, nimekupa zaidi.

Dawa zake amerudia jana hiyohiyo. Kanionyesha ulimi, kama watoto wanavyofanya, ili nione kidonge kimemezwa.

Na buchani jambo limeisha vizuri kuliko nilivyostahili. Tuliporudi niliwaambia waliobaki kwamba kuanzia sasa paja la nyuma litakuwa na wenyewe wawili, mimi na dada yangu, kwa amri ya zahanati, na anayeona ameonewa aseme. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Mfupa wa Fatuma nipe mimi." Mwingine akasema wa Ismaili atauchukua yeye. Kisha wanawake watatu wakaniuliza, kwa sauti ya chini, kama na wao wakileta karatasi ya kliniki watakatiwa mnofu. Nimewaambia walete. Sijui ng'ombe mmoja atatosha vipi mapaja yote hayo, lakini nitachinja huku nikihesabu.

Leo tunakula pamoja kwangu. Nilikata vipande viwili vya ukubwa wa kiganja, nikaacha kimoja na ukingo mdogo wa mafuta, mwembamba sana, nikidhani hataona. Ameona. Sasa hivi yuko jikoni na Mama Amiri, anayatoa mwenyewe kwenye kipande changu. Mkono wake bado mzito, kisu kimemponyoka mara mbili nikimsikia. Nimesimama mara mbili nikamsaidie, na mara mbili amenifukuza.

Mjomba wako,
Ismaili